Nililazimisha kuimba teno, koo likanisusa

Mwenzenu nina mpwa, mtoto wa dada yangu wa mwisho, ana miaka 13. Huyu dogo alikuwa na sauti, jamani, sauti ya kuwatoa watu machozi. Pale kanisani kwetu akianza soprano, hata wale akina mama wanaokuja kukagua vitenge vya wenzao walikuwa wanatulia. Sasa Pasaka iliyopita akasimama mbele kama kawaida yake, shati jeupe, nywele kapunguza, akaanza. Mstari wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu ndipo kasheshe ilipoanza: sauti ilipanda nusu njia, ikakwama, halafu ikaporomoka na ikatoka nyingine kabisa, nzito, ya beberu. Vijana wa viti vya nyuma wakaangua kicheko. Dogo akanyamaza, akatoka kwa mlango wa pembeni, hakurudi.

Jioni nikamkuta kwangu, kajikunyata kibarazani. Nikamletea soda, hakuigusa. Akaniuliza, "Mjomba, sauti yangu imekufa?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza mtu mwaka 1997, ila mimi niliandika kwenye karatasi, maana hata sauti ya kuulizia sikuwa nayo.

Basi msomaji wangu, kaa mkao wa kula.

Mwaka huo nilikuwa konda. Ruti yetu ilikuwa Mwenge–Posta, kipanya kimoja kibovu ambacho mlango wake ulishikiliwa na kamba ya katani na huruma za Mungu. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri kazi yangu ilikuwa kuning'inia na kupayuka. Mara tatu kwa wiki, jioni, namwachia deiwaka gari nakimbilia mazoezi ya kwaya, vumbi lote la kuanzia Mwenge hadi Morocco likiwa kooni mwangu.

Kwenye kwaya Mzee wangu alikuwa besi. Alikuwa besi tangu mimi sijazaliwa. Lakini mimi besi niliiona ni ya wazee na watu wa vitambi, wanaunguruma kule nyuma hakuna anayewajua. Masela wote walikuwa teno. Solo zote zilikuwa za teno. Na teno walisimama nyuma ya alto, na kwenye alto kulikuwa na binti mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa sasa hivi ni mke wa mtu. Mzee aliniambia mara moja tu, tukiwa tunatembea kurudi nyumbani: "Mwanangu, hiyo si sauti yako. Njoo huku kwetu." Nikamjibu ndiyo Mzee, kiroho safi, na mazoezi yaliyofuata nikasimama palepale kwenye teno.

Halafu nikapata kaseti. Niliinunua Kariakoo kwa jamaa aliyetandaza kaseti zilizotumika juu ya turubai. Kwenye jalada kulikuwa na bonge la mtu, ndevu nyeusi, kashika kitambaa cheupe. Nikadhani ni mhubiri. Kumbe ndiye Luciano Pavarotti, Mwitaliano, mwimbaji wa opera. Nikaiweka kwenye redio ya gari tukiwa kwenye foleni. Bwana wee! Abiria mmoja wa siti ya nyuma akauliza, "Konda, huyo mtu anachinjwa au?" Gari zima likacheka. Mimi sikucheka, nywele zilinisimama.

Noti iliyonimaliza ni ile wanayoiita do ya juu. Wanakwaya wenzangu mnielewe vizuri: si do yetu ya kuhamahama, leo Doh ni G, kesho Doh ni F. Hii ni C ya kwenye kinanda, ile ya juu ambayo teno wengi wanaiota tu usingizini. Pavarotti aliitandika mara tisa ndani ya wimbo mmoja, katika opera ya Donizetti iitwayo La fille du régiment, kule Metropolitan Opera ya New York mwaka 1972. Watu wakapagawa, na tangu hapo akavishwa taji la mfalme wa do za juu.

Nikasema na mimi, kwani yule ana koo la chuma? Nikajiaminisha jambo moja la kijinga, kwamba noti ya juu ni suala la ubavu. Ukiiogopa inakukimbia, ukiikazia inakuja. Nikawa naikazia. Kituoni naikazia, bafuni naikazia, hadi mpangaji wa chumba cha pili akaja kuuliza kama ndugu yangu amefariki.

Laiti ningejua nilichokuwa nachezea. Kooni mwa mtu hakuna spika. Kuna vikunjo viwili vya nyama, ndizo nyuzi za sauti, na kwa mwanamume urefu wake ni kama milimita 20, yaani punje mbili za mahindi ukizipanga. Hewa ikipanda kutoka mapafuni inavipuliza, navyo vinagongana. Mwanamume akiongea kawaida vinagongana kama mara 100 na ushee kwa sekunde. Kwenye ile do ya Pavarotti vinagongana mara 523. Kwa sekunde moja, siyo dakika! Ili vifike huko lazima vivutwe, viwe virefu, vyembamba na vimekaza. Mpiga gitaa yeyote wa bendi atakwambia: ukichukua waya mnene wa besi ukaukaza hadi ulie kama ule mwembamba wa solo, wewe kaa mbali, linda macho.

Na wenzetu waliotunga opera waliijua mipaka hiyo, wakaichezea makusudi kwa sababu walimtungia mtu wanayemfahamu. Mozart mwaka 1782 alikuwa na jamaa mmoja wa besi, Ludwig Fischer, mtu wa kuzama kama nanga. Akamwandikia noti ya chini kabisa, D ambayo nyuzi zinagongana kama mara 73 tu kwa sekunde, unaweza karibu kuzihesabu. Mwaka 1791 akamwandikia shemeji yake, Josepha Hofer, wimbo wa Malkia wa Usiku, na humo akampandisha hadi F ya juu ambako nyuzi zinakimbia karibu mara 1,400. Watu wakadhani hapo ndipo mwisho wa binadamu jukwaani. Hapana. Mwaka 2017, palepale Metropolitan, mwanamama Audrey Luna aliimba A iliyo juu zaidi ya hiyo, mara 1,760 kwa sekunde, katika opera ya Thomas Adès, na wenye jumba lao wakasema noti ya juu namna hiyo haikuwahi kuimbwa katika historia yote ya Metropolitan.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hawa watu kwa kawaida hawashiki maikrofoni. Mbele yao wamekaa wapiga vyombo 60 au 80, jumba la Metropolitan linabeba watu wapatao 3,800, na yule wa kiti cha mwisho kule juu darini anasikia kila kitu. Siyo kwamba wanapiga kelele kuliko tarumbeta. Wanasayansi wa sauti walipopima waligundua kwamba okestra nguvu zake nyingi ziko chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda zinapungua. Waimbaji wa opera, hasa wanaume, hulitengeneza koo na mdomo hadi sauti yao inakuwa na ncha kali maeneo ya 3,000 hivi, na huko okestra imeshapungua nguvu. Wanapenya kwenye uwazi. Niliposoma hivyo nikajigonga kichwa, maana konda yeyote mzoefu anafanya kitu cha kufanana na hicho bila shule: ukisema "Posta" kwa sauti ya kifua pale Mwenge hakuna anayekusikia, ila ukiibana kidogo, ikawa na makali kama ya chuma, hata mtu wa ng'ambo ya barabara anageuka. Nilikuwa na siri ya opera mdomoni mwangu mchana kutwa, halafu jioni naenda kwenye kwaya natumia ubavu. Ujinga ni mzigo.

Siku ya kuumbuka ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mashindano ya kwaya. Asubuhi nilifanya kazi kama kawaida kwa sababu tajiri wa gari alitaka hesabu yake na mashindano si yake. Nikafika ukumbini koo limeshakauka. Nikanywa maji, nikapasha mara mbili, solo yangu ikafika. Noti yenyewe wala do haikuwa, ilikuwa A tu ya chini yake, ambayo teno wa kweli anaiimba huku anakufikiria wewe chakula cha usiku. Nikaifikia. Nikaikalia sekunde moja, mbili. Ya tatu nikasikia kitu ndani kama uzi wa nguo unakatika, kikaja kiladha cha chumvi mdomoni, halafu kimya. Mdomo uko wazi, mkono umenyooshwa kama Pavarotti, hakuna kitu kinachotoka. Binti wa alto akageuka kunitazama, na macho yake nayakumbuka hadi leo, hayakuwa ya mapenzi.

Kutoka nyuma nikasikia tuni yangu inaimbwa. Ilikuwa oktavu nzima chini, polepole, bila haraka yoyote. Mzee wangu ameidaka na ameimaliza. Hakuniambia neno siku ile wala kesho yake.

Konda bubu umewahi kumuona? Nilijaribu kwa siku nne. Nikawa nagonga bodi, naonyesha vidole, abiria wanaona kama naleta masihara. Siku ya tano tajiri akampa gari yule deiwaka moja kwa moja, na kazi ikawa imeota mbawa. Nikaenda hospitali. Daktari akaniingiza kijioo kooni, akatazama, akasema nyuzi zimevimba, mshipa mdogo umevuja damu, na pembeni kuna vinundu viwili. Vinundu hivyo, akaeleza, ni kama sugu za mkono wa mshika jembe: zikigongana kwa nguvu kila siku, ngozi inajikinga kwa kuota ugumu. Zikishaota, nyuzi hazifungi vizuri, hewa inavuja, ndiyo maana mtu anakuwa na mkwaruzo. Ndipo nikachukua kalamu nikamwandikia lile swali, je, sauti imekufa? Akachukua kalamu yangu, naye akaandika kana kwamba mimi ni kiziwi: "Haijafa. Imekuchoka."

Dawa ilikuwa kunyamaza. Wiki tatu bila neno, na hata kunong'ona alinikataza, akasema kunong'ona kwa nguvu kunazichosha nyuzi vilevile. Maji mengi, mvuke, hakuna kupayuka. Bahati yangu damu ilikauka na vinundu vikapungua taratibu bila kisu. Washkaji wa kituoni wakanibatiza jina la Pavaroti, na kuna mtaa fulani hadi leo ukiniulizia kwa jina langu halisi hunipati.

Niliporudi kanisani baada ya miezi minne, sista mmoja mzee aliyekuwa anapiga kinanda akaniita pembeni. Hakuniuliza noti yangu ya juu kabisa ni ipi. Akasema, "Imba aaa, panda polepole, usikaze." Nikapanda. Kuna mahali nikasikia sauti inataka kubadilika, kama gari linalolia likitaka gia nyingine. Akasimamisha kidole pale kwenye kinanda. Ilikuwa chini ya mahali teno wanapobadilisha gia. Akanieleza kitu ambacho laiti ningekijua mapema ningeokoa kazi yangu: kuigusa noti si kuishi kwenye noti. Baritoni anaweza kuigusa A kama anavyoweza kuruka ukuta wa jirani. Teno anakaa pale, ndipo kwao, anakula na kulala. Ndiyo maana kwenye opera hawakupangi kwa noti moja ya kujionyesha. Wanatazama sauti yako inapumzika wapi, inabadilisha gia wapi, na ina rangi gani ukiwa hujitutumui. Mimi nilikuwa baritoni. Si teno, wala si besi kama Mzee. Katikati.

Nilinuna, sitadanganya. Baritoni kwenye opera ndiye anayekosa mwanamke, mara nyingi ni baba mtu au adui.

Ila nilianza kusoma habari za hawa watu, na hapo ndipo nikakutana na Mfaransa mmoja, Adolphe Nourrit. Huyu ndiye aliyekuwa teno namba moja wa Opera ya Paris. Mwaka 1829 Rossini alimpa nafasi kubwa katika Guillaume Tell, nafasi iliyojaa noti za kutisha huko juu. Nourrit alikuwa anaziimba kwa ustaarabu: akifika juu analainisha, anatumia sauti ya kichwani, nyepesi, kama walivyofundishwa teno wote wa wakati ule. Akapendwa sana. Halafu akatokea kijana, Gilbert Duprez. Huyu mwaka 1831 kule Lucca, Italia, aliipiga ile do kwa sauti nzito ya kifua, bila kulainisha. Mwaka 1837 akaifanya hivyo Paris, jiji likawa wazimu. Rossini mwenyewe inasimuliwa hakupendezwa, akasema inafanana na jogoo aliyehasiwa anapokatwa shingo. Unaona? Yule abiria wangu wa siti ya nyuma hakuwa wa kwanza.

Nourrit alipoona upepo umegeuka akaacha kazi Paris. Akaenda Italia, mtu mzima, bingwa, kuanza upya kujifunza kuimba kama Duprez. Akaishia Napoli. Koo likagoma. Ile sauti ya kichwani iliyompa jina ikapotea, na ile ya kifua aliyoitafuta haikukaa sawa, akawa na mkwaruzo na huzuni isiyoisha. Alfajiri ya tarehe 8 Machi 1839, baada ya kuimba kwenye onyesho la usiku, alijirusha kutoka ghorofani. Alikuwa na miaka 37. Na Duprez? Miaka kumi na ushee baada ya ushindi wake naye sauti ilikuwa imechakaa, akageukia kufundisha. Dunia nzima ya opera ikaendelea kuitaka ile do ya kifua hadi leo, na kila teno anayepanda jukwaani anadaiwa deni lililoachwa na hao wawili. Hata Pavarotti mwenyewe, mwaka 1992 katika jumba la La Scala pale Milan, sauti ilimpasuka kwenye Don Carlo na watu wakamzomea. Mfalme! Nilikuwa sijui hilo wakati namwiga.

Tena nimekuja kugundua kwamba hii tamaa ya teno haikunikamata mimi peke yangu. Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, kazaliwa Zanzibar mwaka 1946, tunamjua kwa kulia huko juu na bendi ya Queen. Mwaka 2016 wataalamu wa sauti walipima mazungumzo yake ya kawaida wakakuta yako kwenye mitetemo 117 hivi kwa sekunde, kiwango cha baritoni kabisa. Aliporekodi Barcelona na mwanamama wa opera Montserrat Caballé, soprano wa Hispania, mama huyo alikuja kusimulia kwamba alimshauri waimbe wimbo wa baritoni na soprano, Freddie akakataa, eti mashabiki wake hawataitambua sauti. Nikasema basi, kama mtu kama yule aliionea haya baritoni yake, konda wa Mwenge ni nani? Lakini Plácido Domingo alipita njia tofauti. Alianza kama baritoni, wakubwa wa opera Mexico wakamwambia wewe ni teno, akawa teno wa dunia, na mwaka 2009, miaka 68, akarudi kuimba nafasi ya baritoni katika Simon Boccanegra. Watu walisema aliishiwa. Mimi nasema alirudi nyumbani kabla ya giza.

Hayo yote nilimsimulia mpwa wangu pale kibarazani, na soda akawa ameanza kuinywa. Nikamweleza kwamba sauti yake haijafa, koromeo linakua. Mvulana akibalehe zile nyuzi zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka karibu oktavu nzima, na katikati hapo kunakuwa na miezi ya vurugu, leo mtoto, kesho beberu. Akaniuliza kama hakuna namna ya kuizuia. Ndiyo, nikamwambia, ilikuwepo. Zamani Italia, kwa kuwa wanawake walikatazwa kuimba kwenye kwaya za kanisa kule Roma, walichukua wavulana wenye sauti kama yako wakawahasi kabla hawajabalehe. Koromeo likabaki dogo, kifua kikakua cha mtu mzima. Maarufu wao, Farinelli, aliyezaliwa 1705, wafalme walimgombea. Wa mwisho kurekodiwa ni Alessandro Moreschi, sahani zake za mwaka 1902 na 1904 zipo, unaweza kuzisikia. Nikampigia kidogo kwenye simu. Dogo akasikiliza, uso umemkunjamana.

"Mjomba, walikubali?"

"Walikuwa watoto kama wewe. Nani aliwauliza?"

Akaizima simu mwenyewe.

Sasa kumbe kilichokuwa kinamliza si Pasaka tu. Mwalimu wa kwaya, jina nalihifadhi, alimfuata nje akamwambia akaze, apambane nayo, maana mwezi wa sita kuna tamasha na hakuna mtoto mwingine wa kushika soprano ile. "Usiiache ishuke," ndivyo alivyomwambia. Damu ilinichemka. Jumanne nikatinga mazoezini. Nikamwambia mwalimu, ndugu yangu, huyu mtoto asiimbe juu hadi sauti itulie. Akasema ni tamasha moja tu. Nikamwambia mimi pia ilikuwa A moja tu. Akasema nyie wa zamani mnapenda kutisha watoto. Ikawa kelele, na mimi kelele siruhusiwi, mkwaruzo ukaanza kurudi, nikajiona nashindwa hoja kwa sababu ya koo lilelile.

Mzee wangu ana miaka 78 sasa, anaimba ameketi. Alikuwa kimya muda wote. Akajisogeza kwenye benchi la besi, akapiga ubao kwa kiganja mara mbili. "Mjukuu wangu, njoo ukae hapa. Usiimbe. Nifungulie tu kurasa, macho yangu hayaoni."

Macho yake yanaona vizuri tu. Mwalimu akamtazama, akatutazama, akageukia kinanda. Kumbishia mimi anaweza, Mzee hamwezi. Na tamasha bado liko palepale, sijui atamweka nani.

Dogo akaenda akakaa. Mimi mahali pangu ni nyuma yao, kwenye mstari wa baritoni ambao tuko watatu tu. Wimbo ukaanza, dogo akawa anafungua kurasa kwa adabu. Ukurasa wa mwisho besi wanateremka hadi E ya chini kabisa, na Mzee akateremka nayo taratibu hadi lile benchi likawa linatetemeka. Nikaona mpwa wangu anauweka mkono kwenye ubao kuusikiliza mtetemo. Akageuka kunitazama, akacheka, na hicho kicheko kilitoka nusu soprano, nusu beberu.